Holta ya mtoto ni kitu gani hasa

Mtoto wa dadangu alikuwa anaruka kamba hapa kwa ploti Umoja, mara akasimama, akashika kifua akasema "moyo inakimbia", na ukiangalia shingo unaona ngozi inapigapiga mbio mpaka huwezi hesabu. Baada ya dakika tano imetulia. Mpaka mpande matatu, mkae kwa jam, mfike kwa daktari, mtoto anakula ndizi na ECG, kile kipimo cha kuchora mapigo ya moyo, inatoka safi, na mamake akarudi nyumbani akilia akidhani hawakumwamini.

Sasa ECG ya kawaida inachora moyo kwa kama sekunde 10 tu. Holta ndio inakaa ikingoja. Ni kamashine kadogo kanawekwa kwa mfuko ama kiunoni, nyaya zinaenda kwa vibandiko kifuani, kanarekodi kila pigo masaa 24 ama 48, mtoto akicheza, akilia, akilala. Jina ni la Norman Holter, Mmarekani wa Montana, na ile yake ya kwanza ilibebwa mgongoni, kilo 38 hivi.

Haipigi mtu shoti, inasikiliza tu. Asioge nayo kama hamjaambiwa inawezana na maji, lakini tafadhali mwache aruke kamba, manake ukimkalisha kwa kochi siku nzima utapeleka rekodi ya mtoto aliyekaa kwa kochi.

Na kuna daftari, hapa ndio wazazi wengi wanateleza. Andika saa na kile alikuwa anafanya: "saa kumi na dakika kumi jioni, kamba, moyo mbio, amechuchumaa". Daktari anafungua rekodi hapo hapo kwa hio dakika. Hata akipata moyo uko sawa wakati mtoto alilalamika, hilo ni jibu pia.

Anayesoma hio rekodi awe amezoea watoto, kwa sababu mtoto mchanga akipiga 140 kwa dakika ametulia ni kawaida, na mapigo ya mtoto kubadilika akivuta pumzi ni kawaida pia.

Kama inamshika mara moja kwa mwezi, masaa 24 yanaweza kutoka bure, uliza kuhusu kibandiko cha kurekodi mpaka siku 14 ama kifaa cha kukaa nacho wiki kadhaa. Lakini akizimia akikimbia, usingoje tarehe ya Holta, mpeleke emajensi siku hio hio.