Kuzalisha mbegu ya maharage kwenye shamba dogo

Mkulima mwenye ekari mbili au tatu akitaka kuongeza biashara ya mbegu juu ya kilimo chake cha kawaida, tunamshauri aanze na maharage. Ua la haragwe hujichavusha kabla halijafunguka vizuri, kwa hiyo mmea huzaa aina yake ileile, na shamba la jirani haliharibu sana kazi yako. Mahindi hayako hivyo. Chavua yake hubebwa na upepo, na hata aina za kawaida kama Staha au Situka zinatakiwa kutengwa mita 200 na mahindi mengine. Kijijini nani atamzuia jirani asipande? Mahindi chotara ndiyo usiyaguse kabisa, maana punje zake zikipandwa tena hutoa mimea ya kila namna. Maharage yana faida nyingine: yatakayoshindwa kuwa mbegu bado yanauzwa kama chakula.

Kujiwekea mbegu ya shamba lako ni jambo moja. Kuuza kitu na kukiita mbegu ni jambo jingine, na hapo Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya mwaka 2003 inakuhusu. Mlango wa mkulima mdogo ni daraja la mbegu ya kuazimiwa ubora, ambalo maofisa ugani hulitaja kwa kifupi cha Kiingereza QDS (Quality Declared Seed). Anza kwa ofisi ya kilimo ya halmashauri, nao watakuunganisha na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Utasajiliwa, utapewa mafunzo, na shamba litakaguliwa. Soko la daraja hili ni la karibu, ndani ya wilaya. Toa taarifa mapema, kabla ya kupanda. Wengi huenda na magunia tayari wakitaka lebo, na mkaguzi hawezi kukagua shamba lililokwisha kuvunwa.

Piga hesabu ya wanunuzi kabla ya hesabu ya ekari. Aina zenye punje kubwa, kama Lyamungo 90 au Jesca, huhitaji karibu kilo 40 kwa ekari. Nusu ekari yako itapandwa kilo 20. Ikikupa kilo 250, na baada ya kuchambua zikabaki 200, hizo zinatosha kupanda ekari tano za watu wengine, yaani wateja kumi wa nusu ekari. Je, unao? Tena kumbuka mteja wa maharage harudi kila msimu. Akishanunua, atajiwekea mwenyewe misimu mitatu au minne. Anarudi mbegu yake inapochoka kwa magonjwa, ukame unapomaliza shamba lake, au aina mpya inapoanza kutafutwa sokoni. Kwa hiyo zalisha aina ambayo wafanyabiashara wa nafaka wa eneo lako wanaiulizia, na usikimbilie ekari nzima mwaka wa kwanza.

Mbegu ya kuanzia inunuliwe ikiwa na lebo, ya daraja la msingi au iliyothibitishwa, kutoka Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) au vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kama Seliani kwa Kanda ya Kaskazini na Uyole kwa Nyanda za Juu Kusini. Tunza risiti na lebo, mkaguzi ataziuliza.

Shamba lisiwe limepandwa maharage misimu miwili iliyopita. Maotea, yaani mimea inayojiotea kutokana na punje za msimu uliopita, ndiyo chanzo kikubwa cha mchanganyiko, na masalia ya maharage hubeba magonjwa ya chule na madoa pembe. Usichanganye na mahindi, kwa sababu hutaweza kukagua mimea vizuri. Panda sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mimea, mbegu moja kila shimo. Acha mita 5 hadi 10 kati ya shamba hili na maharage mengine. Nafasi hii si ya chavua tu. Inamzuia kibarua asivune mistari miwili ya jirani akadhani ni yako.

Mbegu hupatikana shambani. Anayesubiri kuchagua punje nzuri ghalani amechelewa, kwa kuwa punje safi kwa macho inaweza kuwa imetoka kwenye mmea mgonjwa. Pita shambani mara tatu angalau. Miche ikiwa midogo, tazama rangi ya shina chini ya majani ya kwanza: aina moja ina shina la kijani, nyingine la zambarau. Wakati wa maua, aina yenye maua meupe haitakiwi kuwa na mmea wenye maua ya waridi. Maganda yakianza kukomaa, tazama rangi yake, michirizi yake na namna mmea unavyotambaa. Tembea asubuhi, jua likiwa mgongoni, mstari kwa mstari. Usipite majani yakiwa na umande, maana mikono na nguo husambaza ugonjwa. Mmea mgeni ng'oa mzima, na ule wenye majani yaliyokunjamana na mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu (kirusi batobato) au mabaka ya kahawia yenye ukingo wa manjano (bakteria) toa nje ya shamba. Ukiuacha ukisema "ni mmoja tu", msimu ujao uko katika shamba la mteja.

Vuna maganda yanapogeuka rangi na kukauka, kabla hayajaanza kupasuka. Kuchelewa kunawapa fukusi nafasi ya kutaga mayai shambani, kisha unawabeba mwenyewe hadi ghalani.

Kwenye kupura ndipo mbegu nyingi nzuri zinapouawa. Haragwe lililokauka sana hupasuka ndani hata kama ganda lake la nje halina alama. Ukilipanda linachipua, vipande viwili vya mbegu vinatoka juu ya udongo, lakini katikati yake hakuna kikonyo cha kuota majani. Huo ni mche kipara, hautakua. Kwa hiyo pura maganda yakiwa makavu lakini punje bado ina unyevu kidogo, karibu asilimia 14 hadi 16: ukiiuma inagoma bila kuvunjika vipande. Tandaza turubai, weka tabaka nene la maganda, piga kwa fimbo nyembamba, na ondoa punje kila zinapojaa chini. Usipitishe pikipiki wala trekta juu yake, hata kama jirani anafanya hivyo kwa maharage ya chakula. Kabla ya kuanza, kung'uta turubai na kugeuza magunia nje ndani. Punje kumi za aina nyingine zilizonasa kwenye pindo zinatosha kukuharibia sifa.

Anika juu ya turubai, tabaka la sentimita 3 hadi 5, ukigeuza mara kwa mara. Jua la saa saba juu ya saruji au bati lina joto linaloua kiini. Kama huna kipimo cha unyevu, tumia chumvi kavu: weka vijiko vichache kwenye chupa kavu ya kioo, jaza punje hadi theluthi, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu bado uko juu ya asilimia 15. Isipoganda, endelea kuanika siku moja au mbili zaidi, kwani mbegu inatakiwa kushuka hadi 13. Hapo ndipo uiweke kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ikifungiwa na unyevu itaoza humohumo.

Kaskazini, mbegu ya masika huvunwa Juni au Julai na mteja huitaka Februari. Fedha yako italala miezi hiyo yote, nayo mbegu hubadilika. Pima uotaji mara mbili, baada ya kukausha na wiki chache kabla ya kuuza. Chota punje 100 kutoka sehemu mbalimbali za gunia bila kuchagua, panda kwenye mchanga wenye unyevu, hesabu siku ya 5 na ya 9. Kitambaa hakitoshi kwa maharage, kwa sababu hakionyeshi vipara. Hesabu miche kamili tu. Ikiwa chini ya 80, sisi tungeipeleka sokoni kama chakula.

Fungasha kilo 2 na 5, si gunia. Wateja wengi wana robo ekari. Dawa ya kupaka mbegu ipakwe siku mteja anapolipia, kwa kuwa maharage yaliyopakwa dawa hayaliwi tena na watu wala mifugo, na yasiyouzwa msimu huo yatakuwa hasara tupu.