Fuata punda wa mchanga

Watu huniuliza hujuaje nyumba gani inajengwa hapa Lamu hata kabla ya jirani wa mlango wa pili. Punda ndio wanaoniambia.

Kazi yangu ni kukagua majengo ya kale, na Jumamosi, siku isiyo ya kazi, nateremka pwani mapema nikaketi karibu na gati. Mashua za mawe kutoka Maweni, kule kisiwani Manda, hufunga maji yakijaa. Wachukuzi hupakua, punda hupangwa foleni, kila mmoja na shogi lake mgongoni, ule mfuko wa kubebea mzigo, na msafara ukianza nami nainuka. Wakishika mkono wa kulia wanaelekea Mkomani, kwenye nyumba kongwe za mawe. Wakishika kushoto ni Langoni, na huko mara nyingi kuta za udongo na paa la makuti zinaondoka, linaingia tofali na bati. Mzigo wa kijiji cha Shela siufuati, maana huo huenda kwa chombo moja kwa moja. Shela ina mambo yake, na lile la watu kujenga kuelekea kwenye vilima vya mchanga vinavyotuhifadhia maji ya visima lataka siku yake peke yake.

Punda wakiingia Mkomani, cha kwanza ninachotazama ni kilichomo ndani ya shogi. Mchanga peke yake hauniambii kitu. Mawe huniambia kuna ukuta. Mifuko ya simiti ikipita mfululizo, hapo nahimiza mwendo.

Nieleze sababu. Ukuta wetu wa zamani ni jiwe la tumbawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono mzima. Tumbawe lina vishimo vingi, lafyonza maji ya ardhini kama utambi wa taa ufyonzavyo mafuta, na maji hayo hupanda na chumvi yake. Lipu ya chokaa huyaachia yatoke: jua likipiga, ukuta hukauka. Chumvi ikila lipu, unapaka tena, basi. Ukiupaka simiti umeufunga mdomo. Maji hayarudi chini, hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi huganda nyuma ya lipu ikiisukuma kidogo kidogo hadi ibanduke vipande vizima. Juu zaidi kuna vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Unyevu ukivifikia, vinaoza taratibu mle ndani usimoweza kuona, na dari ndiyo itakayokupa habari.

Wiki iliyopita punda saba walinipeleka kwenye uchochoro mmoja wenye wikio, kile chumba kinachovuka njia kuunganisha nyumba mbili. Chini ya wikio pana kivuli, lipu haikauki haraka, kwa hiyo ndipo ninapopenda kugonga. Niligonga kwa vifundo vya vidole kuanzia usawa wa goti. Sauti ilikuwa nzito, tu, tu, tu. Nilipofika juu kidogo ya kiuno ikageuka, ikawa ya ngoma. Pale palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na kwenye ufa unga mweupe. Niliugusa kwa ncha ya ulimi, tabia ambayo mke wangu haipendi kabisa. Chumvi. Lipu ile haikuwa na miaka mitatu.

Fundi alikuwa juu ya jukwaa, akiendelea na ukuta wa pili kwa mchanganyiko uleule.

"Shekhe, chokaa yakawia," aliniambia kabla sijauliza. "Mwenye nyumba ana wageni mwezi ujao, ataka ukuta ung'are."

Siwezi kusema amekosea yote. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, wiki na miezi, na simiti hukaza kwa siku chache. Chokaa nzuri yataka kuchomwa, kuzimwa kwa maji, kisha kuachwa ikae. Nani ana subira hiyo na mkopo unahesabu? Ila aliposema chokaa ni dhaifu nilimwonyesha kidole upande wa Ngome, iliyokamilika mwaka 1821 kwa tumbawe na chokaa. Alicheka, akachota simiti.

Nami sina ubavu wa kumsuta. Nyumba ya marehemu nyanya yangu ilipovuja miaka ile nilipokuwa kijana mwenye cheti kipya, mimi ndiye niliyeshauri simiti, ndani na nje. Miaka sita baadaye tulibomoa sakafu ya chumba cha juu kwa sababu boriti nne zilikuwa zinakatika kwa mkono, kama mkate wa jana. Nyanya hakunilaumu. Alikuwa akiniambia tu, "Mjukuu wangu msomi."

Baada ya kutazama miguu ya ukuta nainua macho. Nondo zilizoachwa zimesimama juu ya dari ni nia iliyotangazwa: ghorofa inakuja. Vyumba vyetu vya kale ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana mita 3, kwa hiyo nikiona chumba kipya kipana kuliko hivyo najua kuna zege, hata kikipakwa chokaa na kuwekewa mlango wa nakshi. Na ghorofa hiyo ina jambo linaloniudhi kuliko simiti. Nyumba ya Mkomani imeipa njia mgongo. Mwanga na upepo huingia kupitia kiwanda, ule uwazi wa kati (si kiwanda cha sabuni), ambamo wanawake hupika na kuanika bila kuonwa. Ghorofa mpya yenye dirisha pana la kutazamia bahari hutazama pia kiwanda cha jirani. Nimeona nyumba tatu zilizotandika turubai la buluu juu ya kiwanda ili kurudisha sitara. Upepo umezibwa, na mama wa nyumba moja sasa hupika kwa feni.

Wageni hudhani kwamba tangu 2001, UNESCO ilipoutia Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia, mji umegandishwa. Wangekaa nami gatini saa moja tu. Jumamosi ile nilihesabu misafara kumi na moja kabla ya jua kukaza.

Katika daftari nimeandika: wikio, ukuta wa kusini, mlio wa ngoma kuanzia kiunoni, ufa urefu wa shubiri mbili. Nitaupima tena masika ikimalizika. Fundi ameniahidi mfuko mmoja wa chokaa kwa ukuta wa nyuma, ule ambao mwenye nyumba hatauona.