Je, wajua kwa nini betri inayoendesha friji siku mbili haimalizi hata saa moja na hita?

Chukua ile betri ya lithiamu ambayo watu wengi wanaolala kwenye vani wanafunga, volti 12 (kiuhalisia 12.8), 100Ah yaani ampia-saa 100. Ukipiga hesabu inabeba kama wati-saa 1,280. Friji ya kompresa ya kwenye gari inakwenda nayo siku mbili hadi tatu, taa za LED zikiwaka humo humo na simu zikichajiwa. Sasa chomeka hita ya umeme ya wati 1,500, kale kadogo kenye feni unakokabeba kwa mkono mmoja. Kwenye karatasi unapata dakika 50 tu, ukitoa kinachopotelea kwenye inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) zinabaki kama 45, na mara nyingi haifiki hata huko, maana hita hiyo inavuta zaidi ya ampia 120 wakati betri nyingi za saizi hii mwisho wake ni ampia 100, kwa hiyo ulinzi wa betri unakata na unabaki gizani na baridi yako.

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni kwamba hita ile inapoteza umeme, tafuta ya kisasa isiyokula sana. Hapana, ni kinyume chake kabisa. Hita ya koili inakaribia kuwa kifaa pekee kisichopoteza kitu, kila wati inayoingia inatoka ikiwa joto. Fikiria umeme unapotelea wapi kwenye vifaa vingine: shika inveta ina joto, shika chaja ina joto, shika kompresa ina joto. Umeme ukipotea unageuka joto, sasa kifaa ambacho kazi yake ni kutoa joto kitapotezaje? Kwa hiyo hita ya bei chee na ya bei mbaya, zote za wati 1,500, zinamwaga ndani ya vani joto lile lile. Seramiki, infraredi na maneno mengine ya kwenye boksi yanabadilisha joto linaelekea upande gani na linafika kwa haraka kiasi gani, ila kiasi chenyewe hakibadiliki. Inayokula nusu ya umeme inatoa nusu ya joto, basi. Inayokwepa sheria hii ni kiyoyozi kinachogeuzwa ili kipashe, kwa sababu chenyewe kinahamisha joto la nje kuliingiza ndani, hakilitengenezi.

Ukweli ni kwamba joto ni ghali kwa asili yake. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunataka wati-saa 93. Nguvu hiyo hiyo ingeweza kunyanyua gari la tani moja mita 34 kwenda juu, yaani kama ghorofa kumi hivi, au kuwasha taa ya wati 5 kwa saa 18. Yote hayo yameishia kwenye birika moja la chai.

Hapa ndo panapochekesha lakini: hewa iliyo ndani ya vani yenyewe haina gharama. Vani yenye mita za ujazo 12 ina kilo 15 tu za hewa, na kuipandisha kutoka nyuzi 0 hadi 20 kunahitaji wati-saa 84, chini ya lile birika. Sa mbona hita inalazimika kuunguruma usiku kucha?

Kwa sababu vani ni ndoo iliyotoboka. Kina cha maji ndoani ndo tofauti ya joto kati ya ndani na nje, bomba linalojaza ni hita, na tenki lililo nyuma ya bomba ni betri. Kujaza ndoo mara moja si kazi, kazi ni kwamba kadri maji yanavyopanda ndivyo yanavyotoka kwa kasi kule chini, mpaka yanafika kina ambacho yanayoingia na yanayotoka yamelingana na hapo yanagoma kupanda. Ndo maana hita ndogo inaongeza nyuzi tano sita alafu inatulia pale pale na mtu anaamini imekufa, kumbe inafanya kazi vizuri tu, tundu ndo kubwa. Matundu yenyewe ni bati tupu, vioo na mianya ya milango. Vani isiyo na sponji ukutani inaweza kuvujisha kilowati moja hata mbili nje kukiwa na nyuzi sifuri, ingawa hiyo ichukue kama kadirio, upepo na ukubwa wa vioo vinabadilisha sana. Friji nayo ni ndoo, ndogo, imezungushiwa sponji nene, tundu lake la sindano (joto linavuja kuingia badala ya kutoka, hesabu ni ile ile), na kompresa inahamisha tu joto kulitoa nje. Na ndoo ndogo kuliko zote ni wewe ndani ya blanketi. Blanketi la umeme la volti 12 linalokula wati 50 likiwaka saa nane mfululizo limekula wati-saa 400, asubuhi bado una zaidi ya nusu ya betri.

Ukitaka kupasha vani nzima inabidi uchome kitu. Lita moja ya dizeli ina kama kilowati-saa 10, sawa na betri saba au nane za 100Ah. Hita ya dizeli inagusa betri kwa ajili ya feni na pampu tu, ampia moja au mbili, isipokuwa zile dakika chache za kuwaka ambapo inavuta kama ampia 10, kwa hiyo kuizima na kuiwasha kila saa ili uokoe umeme kunakula umeme. Moshi wake lazima utoke nje. Jiko la gesi usiligeuze hita: kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotokana na moto, haina rangi wala harufu, na juu ya hapo kila kilo ya propani (gesi ya jiko) ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, ndo yale unayoyakuta yakitiririka kwenye vioo.

Kitu kingine cha baridi, betri ya lithiamu chini ya nyuzi 0 inakubali kutoa umeme lakini usiichaji, lithiamu inaganda juu ya uso wa grafaiti (ile kaboni ya ndani ya betri inayopokea lithiamu ukichaji) badala ya kuingia ndani na betri inaharibika moja kwa moja. Asubuhi ya barafu sola isubiri.

Msimu wa joto kali mambo yanageuka. Kiyoyozi kinakutesa kama hita, ila feni ya wati 20 inakutosha, maana kazi kubwa inafanywa na jasho: lita moja ya maji ikikauka inaondoka na joto la karibu wati-saa 670, nusu ya betri yote, bure. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki na feni inasaidia kidogo sana. Ukitoka izime, yenyewe haipoozi hewa, na kwenye vani iliyofungwa wati zake zote 20 zinabaki humo ndani kama joto.