Mtoto mdogo hasomi saa: jioni tulivu katika nyumba yenye pilikapilika

Siku za kupima uzito wa watoto, hapa kituoni kwetu Katuba, Lubumbashi, swali halikosi: "Dokta, mtoto alale saa ngapi?" (Mimi ni muuguzi, lakini mjini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta.) Nami huuliza: kabla ya kulala, huwa anafanya nini? Akina mama wanatazamana, halafu mmoja anacheka. "Inategemea. Analala pale usingizi unapomkutia."

Hapo ndipo penye kazi. Mtoto ambaye hajafika shule ya msingi hajui saa. Anachojua ni mfuatano: hiki kinatangulia, kile kinafuata. Ukimwambia "bado dakika tano", umemwambia maneno matupu. Mwambie "rusha mpira mara mbili tena, kisha tunanawa miguu", naye ataelewa, hata akinuna. Kwa hiyo mama anayefunga meza yake sokoni giza likiingia, au baba anayeendesha teksi na hajui atarudi lini, asikate tamaa. Saa zinaweza kuyumba. Mpangilio ndio usiyumbe.

Nitaanza na kitu kinachowaumiza wazazi wengi bila sababu. Mtoto ameshinda na bibi yake salama, amekula, amecheza. Mama anapobisha hodi tu, anaangua kilio, anavuta nguo, anatupa sahani. Majirani watasema anadeka. Mimi sioni hivyo. Mchana kutwa amejizuia, sasa amemwona yule anayeweza kumwagia yote aliyoyabeba. Kabla hujawasha mbabula, yaani jiko la makaa, kabla hujauliza nani amemaliza maji, keti. Mpakate dakika kumi, mkoba ukiwa bado begani kama ni lazima. Najua bukari haijisongi yenyewe na watu wana njaa. Lakini dakika hizo usipompa mwanzoni, atakudai nusu saa ya kilio huku sombe ikiungua.

Baada ya hapo mambo yafuatane vilevile kila siku: kula, kunawa, kuvaa nguo ya kulalia, kushusha chandarua, wimbo au hadithi fupi, taa kuzimwa. Msimu wa baridi, Juni na Julai, si lazima aoge mwili mzima usiku. Uso, mikono na miguu kwa maji ya vuguvugu vinatosha, na kuoga kuhamie mchana jua likiwa kali. Chandarua nakitilia mkazo kwa sababu mbili. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na tena kile kitendo cha kukishusha na kukichomeka chini ya godoro kinamwonyesha mtoto kwamba siku imefungwa.

Jioni moja nilikuwa kwa jirani yangu umeme ulipokatika, katikati ya kunawa. Binti yake wa miaka mitatu alishika ukingo wa beseni gizani, akanyanyua mguu wa kushoto bila kuambiwa, akangoja usuguliwe, akanyanyua wa kulia. Kisha akapapasa kiti cha nyuma yake kutafuta kitenge cha kujifutia. Kilikuwapo, kama siku zote. Mama yake ndiye aliyekuwa analalamika. Mtoto alikuwa anaimba.

Kuhusu kiasi cha usingizi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Piga hesabu. Anayeamshwa 5:30 alfajiri ili awahi maternele (shule ya chekechea), na halali mchana, inabidi awe amelala 19:30. Nyumba nyingi haziwezi. Basi alale mchana, ila mapema. Akisinzia saa 17:00 jioni, usiku mtakesha naye.

Simu na televisheni ni mgogoro wa kila nyumba. Mwongozo huohuo unasema aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Mwanga wake usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa giza limeingia. Kama mnaishi chumba kimoja na mjomba lazima aone mechi yake, geuzeni godoro mtoto aupe ukuta uso, na sauti ipunguzwe. Mjomba hatakufa.

Asubuhi sina mengi: shati jeupe na sketi ya bluu vitolewe usiku, viatu viwe pamoja mlangoni, mambo yatakwenda.

Kinachoharibu zaidi ni kila mlezi kuwa na sheria yake. Yaya anamnawisha kabla ya kula, bibi baada ya kula, shangazi anamruhusu simu. Kaeni siku moja mkubaliane mfuatano mmoja, na mwacheni mtoto mwenyewe awakumbushe. Wa miaka minne ni msimamizi mkali kuliko wote. Siku 3 za kwanza atapinga. Msimpigie kelele, endeleeni na hatua inayofuata.

Mtoto aliyezoea kulala vizuri akibadilika ghafla, mguse paji la uso kabla ya kulaumu tabia. Akiwa na joto, mlete kituoni siku hiyohiyo. Mlete pia anayekoroma kila usiku au anayekatikiwa pumzi usingizini.

Na mkilazimika kulala matangani au kwa ndugu huko Likasi, chukueni chandarua, kitenge chake kilekile, bila kukifua kwanza, na wimbo uleule.