Je, wajua kwa nini viwanda viliipa kisogo mashine mama ya CNC?

Fundi seremala wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, huchora ua la mlango kwenye kompyuta, akaiachia mashine ichonge, naye akaendelea na kazi nyingine. Leo huhitaji kumshawishi mtu juu ya faida yake. Ila mashine ya kwanza ya ukoo huo, ya kuchonga vyuma, ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1952, wenye viwanda waliokuwa tayari kutoa pesa walikuwa wachache mno. Kwa nini?

Wazo lilitoka kwa kampuni ya familia huko Traverse City, Michigan. John T. Parsons, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alikuwa akitengeneza mapanga yanayozunguka juu ya helikopta za kampuni ya Sikorsky. Mchoro wa umbo la panga ulimfikia ukiwa na nukta 17 tu. Kuziunganisha kwa mkunjo sahihi ilikuwa kazi ya mkono na jicho. Mhandisi wake, Frank Stulen, akachukua mashine ya hesabu ya IBM iliyosoma kadi zenye matundu, aina iliyozoeleka kwa wahasibu, akakokotoa nukta 200. Kazini mtu mmoja akawa anasoma namba kwa sauti, na wengine wawili wanazungusha magurudumu ya mashine, kila mmoja na upande wake. Kutoka hapo hadi kuwaza kwamba kadi iiongoze mashine moja kwa moja ni hatua fupi.

Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani likampa mkataba wa dola 200,000. Parsons akawaita wataalamu wa chuo cha MIT wamsaidie, na mgeni akageuka mwenye nyumba: MIT ikaushika mradi, ikaupanua, gharama zikapaa. Kilichozaliwa kilikuwa mashine kubwa ya kuchonga, ikiongozwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu yaliyobeba amri, pamoja na makabati yaliyojaa valvu za umeme, zile taa za kioo za redio za zamani.

Ilifanya kazi, na ilichonga maumbo yaliyowatoa jasho mafundi. Tatizo lilikuwa ule utepe. Kila mwendo wa kisu ulipaswa kukokotolewa mapema na binadamu, kisha utobolewe. Saa ulizookoa kwenye mashine ulizilipa mezani, na ukikosea namba moja umeharibu kipande kizima cha chuma. Tena aliyejua hesabu hakujua chuma, na aliyejua chuma hakuzoea hesabu za namna ile. Valvu zikiungua, nani karakanani angezitengeneza? Tajiri mwenye mashine za zamani, zilizokwisha kujilipa, alikuwa na haki ya kusita. Wengi husema watu huogopa teknolojia mpya. Mimi naona walijua kupiga hesabu.

Aliyevunja ukimya ni mteja mkubwa. Jeshi la Anga lilitaka ndege za jeti zenye ngozi za mabawa zilizochongwa kutoka bamba zima, kwa hiyo likalipia lenyewe mashine zaidi ya 100 na kuziweka kwenye viwanda vya ndege. Hasara ya kuwa mnunuzi wa kwanza ikahamia serikalini.

Mzigo wa utepe ulipunguzwa na lugha ya kompyuta iitwayo APT, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Douglas Ross wa MIT: fundi aeleze umbo, kompyuta itafute namba. Ilipotangazwa mwaka 1959, wageni waligawiwa visahani vya majivu ya sigara vilivyochongwa kwa njia hiyo.

Parsons na Stulen walipata hataza yao, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1958, na kampuni ya Bendix ikanunua haki za kuitumia. Karakana ndogo, za ukubwa wa ile ya Parsons, zilingoja zaidi, hadi kompyuta ziliposhuka bei katika miaka ya 1970 na makabati yale yakageuka kisanduku kimoja ubavuni mwa mashine.