Mtoa taarifa kazini ni nani?

Chukua kiwanda cha minofu hapa Mwanza. Anayepokea samaki zamu ya usiku anaona sangara wachanga, chini ya sentimita 50 zinazoruhusiwa, wanapimwa na kuingizwa ndani kila siku. Akienda kwa afisa uvuvi, wenzake watamwita mnoko au mchongezi. Sheria inamwita mtoa taarifa.

Mchongezi hupeleka maneno ya mwenzake kwa bosi ili yeye apendwe. Mtoa taarifa anafichua jambo linaloumiza umma: uhalifu, rushwa, uharibifu wa mazingira, hatari kwa afya na usalama wa watu. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu mwaka 2015.

Wengi tunaichanganya na uhuru wa maoni. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, lakini kulalamika kwamba mshahara hautoshi au meneja anapendelea ndugu zake hakukufanyi mtoa taarifa. Na ukiwarekodi wale sangara, ukairusha video kwenye grupu la WhatsApp, utakuwa umesema kweli huku umesimama nje ya mwavuli wa sheria hiyo. Kinga inamfuata aliyeipeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema, akiwa na sababu ya msingi ya kuiamini. Hutakiwi kuwa na ushahidi kamili mkononi. Unatakiwa kubisha mlango sahihi. Rushwa, TAKUKURU, simu 113. Mashine isiyo na kinga, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Inaniuma kwamba watu hawaambiwi hili mapema, maana wanaoharibikiwa mara nyingi ndio wenye uchungu wa kweli na kazi yao.

Ukipita mlango huo, jina lako linapaswa kubaki siri, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza, kukusimamisha wala kukunyanyasa kwa ajili hiyo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nacho kinakataa kumwachisha mtu kazi kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa. Ukifukuzwa, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Usizimalize kwa kumbembeleza bosi.

Sisi wa ziwani tunajua uzito wa jambo hili. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwenye chombo chochote, anayekata tiketi na anayefungua kamba gatini ndio wa kwanza kuona kwamba watu wamezidi.

Kibarua wa kutwa asiye na mkataba naye yumo. Kifungu cha 4 cha sheria ile ya 2015 kinasema mtu yeyote.