Kujitolea Kuanze Kabla ya Maafa

Tetemeko la ardhi lililoipiga Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400. Wengi wa walionaswa chini ya nyumba na kutolewa wakiwa hai hawakutolewa na zimamoto wala jeshi. Walitolewa na jamaa na majirani, kwa mikono na vifaa vilivyokuwa karibu. Vikosi havikuwa vimelala: barabara ziliharibika, mioto ikazuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Maafa makubwa huwa hivyo. Saa za mwanzo ni za waliopo.

Lakini kuwapo hakutoshi. Mexico City ilipopigwa na tetemeko mwezi Septemba 1985, wananchi walijitosa kwenye vifusi na kuokoa mamia ya wenzao. Inakadiriwa pia kwamba zaidi ya 100 kati ya waokoaji hao walikufa wakijaribu kuokoa. Zimamoto wa Los Angeles walichukua funzo hilo, wakaanza kuwafundisha wakazi kuzima moto mdogo, kuzuia damu isivuje, kukagua jengo kwa nje na kutambua lini wasiingie. Hili la mwisho ndilo linalotusumbua zaidi sisi wakufunzi, maana mwenye moyo wa kusaidia hapendi kuambiwa asubiri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika pwani yake. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa wajitoleaji wa vijijini, na leo idadi yao inazidi 70,000. Tahadhari ya kimbunga ikitolewa, wao hupandisha bendera, hupita na vipaza sauti na kuwasindikiza watu hadi kwenye majengo ya kujihifadhi. Vifo vya vimbunga nchini humo vimepungua sana tangu wakati huo. Utabiri wa hali ya hewa na majengo imara vina sehemu yao, lakini taarifa ya redio peke yake haimwondoi mtu kitandani usiku wa manane. Anayemwondoa ni mtu anayemfahamu, aliyesimama mlangoni na kumwita kwa jina. Ndiyo maana wanawake wameongezwa kwa wingi katika vikundi hivyo: kuna kaya ambazo mama hatatoka kwa kuitwa na mwanamume asiye wa nyumba hiyo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mjitoleaji haipigwi picha. Ni kujua mapema nani haoni, nani hasikii king'ora, nani anatumia kiti cha magurudumu, nani ana mashine ya kupumulia inayotegemea umeme, na dawa zipi lazima zikae kwenye baridi. Taarifa hizi zikusanywe kwa ridhaa ya wenyewe na zitunzwe na wachache, kwa sababu orodha ya watu wasiojiweza ikizagaa huwafaa wezi. Kila jina lipangiwe mtu wa kulifuata, na mwingine wa akiba endapo wa kwanza naye amepatwa.

Kisha mfanye zoezi, na safari moja mlifanye gizani. Mchana kila njia huonekana pana. Usiku ndipo mtakapogundua kwamba lango la nyuma lina kufuli na mwenye ufunguo amesafiri. Pimeni pia muda wa kumshusha mtu ngazini kwa machela. Wengi hushangaa jinsi wabebaji wanavyochoka haraka.

Ukitaka kuanza, jiunge na kikundi kilichopo, kiwe cha Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu, zimamoto au kamati ya maafa ya eneo lako, na uombe mafunzo ya huduma ya kwanza. Usijidharau kwa kuwa huna misuli. Anayeandika majina ya waliofika kituoni hupunguza kazi ya kuwatafuta watu ambao tayari wako salama.

Na kama hukujiandikisha popote, kisha maafa yakatokea mbali nawe? Usifunge safari bila kuitwa. Wageni wasio na kazi hula chakula kile kile, hunywa maji yale yale na huziba barabara za magari ya wagonjwa. Marundo ya nguo kuukuu nayo huhitaji watu wa kuyachambua. Tuma fedha kwa shirika linalofanya kazi pale, kwani zinaweza kununua kinachohitajika siku hiyo.